Mpe Mtoto Spana, Si Tochi Pekee



Gari la marehemu mume wangu lilikaa uani muda wote wa eda yangu, miezi 4 na siku 10, bila ya kuguswa na mtu. Nilipotoka edani, kijana wangu wa sekondari aliketi nyuma ya usukani akazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja mkavu, kisha likanyamaza.

Fundi tuliyemwita alitazama kwa muda mfupi akasema betri imekufa, na stata nayo imekufa. Gharama aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula mzima, na fedha hizo sikuwa nazo. Simdhanii vibaya, huenda alisema alichokiona. Kilichonitia uchungu ni kutambua kwamba nimeketi kando ya dereva wa gari lile miaka 11, na hata stata iko upande gani sikujua.

Marehemu, Allah amrehemu, alikuwa akilitengeneza gari lake mwenyewe. Jumapili baada ya swala ya alasiri boneti ilikuwa wazi, mimi nikipeleka chai na kijana akishika tochi. Tulimwonea fahari. Hatukufikiri kwamba elimu ile yote ilikaa katika mikono ya mtu mmoja, na siku tuliyomzika tuliizika pamoja naye.

Basi tukaazimia kujaribu wenyewe. Ndani ya gari tulikuta kitabu cha maelezo, lakini kimeandikwa Kijapani, kwa kuwa gari lenyewe, kama mengi ya hapa kwetu, liliagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha tumika. Tukategemea video za kwenye simu, na kila aliyefundisha humo alikuwa na injini isiyofanana na yetu.

Vile vichwa viwili vya betri vinavyofungwa nyaya vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe wenye ukijani. Unga huo hutokea pale mvuke wa asidi ya betri unapoyala madini, na hewa yetu ya chumvi huzidisha kutu. Ukiwa mnene huuzuia umeme kupita, hata betri nzima ikadhaniwa mbovu. Dawa yake ni magadi ya kuokea yaliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, brashi ya waya, na grisi kidogo ya kupaka baadaye. Kwa ajuaye ni kazi ya nusu saa. Sisi ilituchukua alasiri mbili.

Nati ya kwanza ilikataa kabisa. Spana namba 10 ikateleza, kijana akachubuka vidole. Ilipolegea hatimaye ilimponyoka ikatumbukia ndani ya injini, nasi tukaitafuta mpaka adhana ya magharibi, jasho likitutiririka na mbu wakituuma. Kijana akaitupa spana chini. Nami, Allah anisamehe, nikatamka neno ambalo sikupaswa kulitamka: “Babako angelikwisha maliza zamani.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mama, baba alinipa tochi tu. Spana hakunipa hata siku moja.”

Sikuwa na jibu. Alisema kweli, wala hakumvunjia babake heshima. Marehemu hakumnyima kwa ubaya. Mtoto huchelewesha kazi, huangusha nati, huuliza lile lile mara tatu. Na baba aliyechoka hutaka kumaliza kabla ya giza. Mimi mwenyewe nimempokonya binti yangu mwiko mara ngapi jikoni kwa sababu hiyo hiyo? Tunaokoa dakika kumi za leo, na mtoto anabaki asiyejua.

Siku ya pili tochi niliishika mimi. Nati tuliiona imelala juu ya bamba la chini ya injini. Jirani alituchajia betri usiku kucha, tukaifunga upya, waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho. Ufunguo ulipozungushwa gari lilikohoa mara mbili, likawaka. Stata ilikuwa nzima. Kijana hakushangilia. Alikaa vivyo hivyo, mikono juu ya usukani, machozi yakimtoka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akilia tangu siku ya mazishi.

Gari liliwaka lakini halikusogea. Breki ya mkono iliyokuwa imevutwa miezi yote ile ilikuwa imeshikamana kwa kutu. Hapo tulikomea, maana breki si mahali pa kujifunzia. Tulimwita fundi mwingine, nikampa sharti moja: kijana asimame naye na aelezwe kila kinachofunguliwa. Alicheka, akamkabidhi spana. Basi kujitengenezea gari hakumwondolei fundi riziki yake. Anayekijua chombo chake humheshimu zaidi mwenye ujuzi, na humwuliza maswali yenye maana.

Dada zangu, yako mambo ambayo kila nyumba yenye gari yaweza kuyafanya. Pimeni oili gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Tazameni maji ya rejeta, ila msifungue kifuniko chake kikiwa cha moto, kwani maji yataruka na kuunguza. Kwenye betri, fungueni waya wa hasi kwanza, vaeni glavu, na mwepushe macho na asidi. Mkibadilisha gurudumu, vuteni breki ya mkono, wekeni jiwe nyuma ya gurudumu jingine, mlegeze nati kabla ya kupandisha jeki. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Oili chafu msiimwage mtaroni wala uani, kwani visima na bahari ni vyetu sote. Breki na usukani mwachieni fundi.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akivishona viatu vyake na kuzitia viraka nguo zake kwa mkono wake, ilhali walikuwapo ambao wangeona ni fahari kumfanyia. Kazi ya mkono haimshushi mtu hadhi, awe mume au mke.

Ninalowaomba juma hili ni dogo. Fungueni boneti pamoja na watoto wenu, wa kiume na wa kike, mmoja wao aivute stiki ya oili, aifute na aisome mwenyewe. Atachafua nguo. Ataangusha kitu. Mstahimilieni, kwa kuwa hatujui nani kati yetu atakuwapo Jumapili ijayo.

Kwetu sasa binti yangu wa miaka 9 hutoka na tochi kila boneti inapofunguliwa. Juzi nilimsikia kakake akimwambia, “Hebu iweke hiyo tochi chini. Njoo ushike hii.”

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.