Tochi ya Gari Huchaguliwa Mchana

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa huu nikuulize swali moja. Gari lako likipata pancha leo saa tatu usiku, mvua ikinyesha na watoto wamelala kiti cha nyuma, utaziona vipi nati za gurudumu? Najua jibu la wengi: simu ina taa. Wengine mtasema mna tochi garini. Hata mimi nilikuwa nayo.

Ulikuwa msimu wa masika, nasi tukitoka mjini kurudi nyumbani Uthiru. Tulipokwisha kupita Kangemi, gurudumu la nyuma, upande wa dereva, likaisha upepo. Nikaegesha ukingoni mwa Waiyaki Way, nikawasha taa za tahadhari, nikaitoa tochi yangu ya mawe mawili katika kijisanduku cha mbele. Nikabonyeza, wapi! Nikaipigapiga kiganjani kama tufanyavyo sote, wapi! Nilipoifungua nikakuta mawe yamevuja na springi imeliwa na kutu. Nilikuwa nimeinunua miaka miwili nyuma na sikuwa nimeigusa tena.

Ikabidi mama watoto atoke mvuani animulikie kwa simu yake. Nati zilikuwa tano. Nilipoikaza ya mwisho ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemsimamisha mke wangu baina ya gari letu na malori yanayokwenda Naivasha na Nakuru, ili mimi nione. Hakuna aliyeumia, lakini usiku huo usingizi ulinipaa.

Tangu hapo nimejifunza kwamba tochi ya gari si sawa na tochi ya nyumbani. Ya nyumbani huitumia mara kwa mara, ikififia unajua. Ya garini hulala miezi na miezi, kisha siku moja unaitaka iamke mara moja bila udhuru. Kwa hivyo, ukienda kununua, usianze kwa kuuliza ni ipi inayomulika mbali zaidi. Uliza ni ipi itakayowaka baada ya kusahauliwa.

Hapo jambo la kwanza ni mawe. Yale ya bei rahisi, ya zinki na kaboni, yamefunikwa kwa gamba la zinki ambalo huliwa kadiri jiwe linavyotumika, hata mwishowe likatoboka. Yale ya alkalaini yana nguvu zaidi, lakini nayo yakiachwa humo hadi yachoke huvuja na kuharibu tochi. Kuna pia mawe ya lithiamu yasiyochajiwa, ya ukubwa wa AA. Bei yake ni ya juu, ila huhimili joto na huweza kukaa zaidi ya miaka 10 yakiwa bado na nguvu. Kama mfuko unaruhusu, hayo ndiyo ya garini. Kama hauruhusu, nunua ya alkalaini, uyatoe ndani ya tochi, uyafunge kwa kitambaa na kuyaweka kando yake. Kisha jizoeze kuyatia ukiwa umefumba macho, maana siku yenyewe hakutakuwa na taa ya kukuonyesha upande wa juu na wa chini.

Tochi za kuchaji kwa waya wa simu ni nzuri, lakini zina sharti: lazima uzikumbuke kila mwezi. Tena hazipendi joto. Hapa Nairobi, nje kukiwa na nyuzi 25 tu, ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kupita nyuzi 40 kwa muda wa saa moja, na juu ya dashibodi huzidi hapo. Usiiache tochi ya namna hiyo ikiota jua kwenye kioo cha mbele.

Jambo la pili ni mikono. Kubadilisha gurudumu kunataka mikono miwili: jeki, spana, tairi la akiba. Mwenye tochi ya kushika hana budi kuibana kwa meno au kumtoa mtu mwingine garini. Chagua tochi ya kuvaa kichwani, au yenye sumaku ya kunatia kwenye bodi ya gari. Laiti ningekuwa nayo, mama watoto angekuwa amesimama na watoto mbali na barabara.

Na je, simu? Simu ni ya kumpigia fundi au jamaa aje kukusaidia. Ukiimaliza chaji kwa kumulika, utakuwa umeona nati na kupoteza msaada.

Jambo la tatu ni mwanga wenyewe. Usidanganywe na maelfu ya lumeni yaliyoandikwa kwenye boksi. Kwa gurudumu au injini, lumeni 100 hadi 200 zinatosha kabisa. Bora zaidi iwe na mwanga mdogo pia, ili idumu. Nayo saa zilizoandikwa uzisome kwa makini: katika kipimo cha Kimarekani kiitwacho ANSI FL1, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ulivyoanza. Basi "saa 30" si saa 30 za mwanga mkali. Kuhusu mvua, alama ya IPX4 ina maana kwamba tochi inahimili maji ya kurushiwa. IPX7, inaweza kutumbukia kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa.

Ukifika Luthuli Avenue, au ukinunua kwa mchuuzi kwenye foleni ya Westlands, usilipe kabla ya kuifungua. Tazama kama springi ni imara, kama kifuniko kina mpira wa kuzuia maji, na kama swichi inakataa kujiwasha yenyewe ikigusana na vitu. Iwashe, uitikise. Ikipepesa mkononi mwa muuzaji, itazimika mkononi mwako.

Pa kuiweka pawe pale dereva anapofikia bila kutoka nje: mfuko wa mlango au kijisanduku cha mbele. Si chini ya kiti, isije ikabingirika hadi kwenye breki. Si kwenye buti, maana ukigongwa nyuma buti huenda lisifunguke.

Na siku ikifika, kumbuka kwamba tochi haizuii lori. Kama mahali ni pabaya, afadhali uende polepole hadi pa salama, tairi liharibike ila roho zipone. Wateremshe watu upande usio na magari, wasimame mbali na barabara. Weka pembetatu za kuakisi mwanga nyuma ya gari. Usiwamulike madereva machoni. Mtu aliyepofushwa na mwanga hakwepi kitu.

Labda utasema wewe hupiti gizani, kwa kuwa mjini kuna taa za barabarani. Jua hapa kwetu huwa limekwisha kutua kabla ya saa moja, mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Na Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea sehemu kubwa ya nchi, hata kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Usiku wa namna hiyo mlingoti wa taa ni mlingoti tu.

Kwetu kazi ya tochi nimempa kifungua mimba wangu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla hatujatoka kwenda kanisani, huitoa, huiwasha, hutazama mawe, kisha huniambia, "Baba, iko sawa." Mwezi uliopita aliniambia haiko sawa. Tulinunua mawe mapya siku hiyo hiyo, mchana, bila haraka wala mvua. Leo ni Jumapili, msomaji wangu. Funguo za gari ziko wapi?