Wateja Wanne, TIN Moja: Usikubali Kukatwa Kodi Bila Cheti



Leo naongea na wale wanaouza ujuzi. Unampigia picha bidhaa muuza asali wa Itigi, unaendesha ukurasa wa muuza mafuta ya alizeti hapa Singida mjini, jioni unaandika matangazo ya kampuni ya Dodoma. Wateja watatu, wanne, kila mmoja anatuma hela kivyake. Je, kwa TRA wewe ni nani?

Wengi tunajibu: "Mimi nabangaiza tu, kodi ni ya wenye maduka." Hapo ndipo tunapojiumiza. Kama hakuna anayekupangia saa za kazi, simu na bando ni vyako, na bei mnaelewana kwa kila kazi, basi wewe si mwajiriwa wa yeyote kati yao. Wewe ni biashara. Wateja hata wakiwa kumi, TIN ni moja na mapato yote yanajumlishwa humo. TIN yenyewe inatolewa bure.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mteja mmoja alikuwa ananilipa 200,000 kwa mwezi, anakata asilimia 5, nabaki na 190,000. Akasema ni kodi ya serikali, nikanyamaza. Kwa mwaka ikafika 120,000. Nilipokwenda kufanya hesabu zangu nikaulizwa: cheti cha kodi ya zuio kiko wapi? Sina. Nikampigia mteja, mhasibu wake alishaacha kazi. Ile 120,000 ikawa kama sijawahi kuilipa.

Sasa tuelewane. Ile asilimia 5 si adhabu, wala si mwisho wa kodi yako. Ni kodi yako wewe, mteja anaikata mapema na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Ukiwa na cheti, inapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa mwaka ukiisha. Na kwa mtu binafsi, kipato kisichozidi 3,240,000 kwa mwaka, baada ya kutoa gharama za biashara, hakina kodi ya mapato. Kwa hiyo mwenye faida ndogo anaweza kukuta amekatwa kuliko anachodaiwa. Bila karatasi, atadai nini?

Kuna na hili la kumbukumbu. Muuza bidhaa mwenye mauzo ya 5,000,000 kwa mwaka, akiwa na kumbukumbu, hulipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000, yaani 30,000. Asipokuwa nazo, hulipa 100,000. Daftari la buku mbili linaokoa 70,000! Ila angalia: huduma za kitaalamu na za kiufundi haziingii kwenye utaratibu huo wa mauzo, zinatozwa kwa faida. Ukifika TRA eleza kazi yako ilivyo, usiseme tu "nafanya biashara". Na uliza viwango vya mwaka huo, maana bajeti ya Juni huvibadilisha.

Maoni yangu ni haya: lawama si ya makampuni peke yake. Sisi wauzaji wadogo tunamlipa mpiga picha kwa simu, hatumwandikii hata mstari mmoja, halafu tunashangaa naye akishindwa kuonyesha kipato chake anapoomba mkopo. Tunarudishana nyuma wenyewe.

Kuanzia wiki hii fanya hivi:

1. Kabla ya kazi, muulize mteja: "Utakata kodi ya zuio?" Kama ndiyo, mpe TIN yako na mkubaliane siku ya kukupa cheti.
2. Akikata, dai cheti mwezi huohuo. Usisubiri Desemba.
3. Fungua daftari moja: tarehe, mteja, bei kamili, kilichokatwa, kilichoingia.
4. Tunza risiti za bando, nauli na vifaa. Hizo ni gharama zako halali.

Kumwomba mteja cheti si ujeuri, ndugu yangu. Hela iliyokatwa ni jasho lako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi nayo ni hivyohivyo.