Enzi za 2go, kabla shangazi hajaingia mtandaoni

Jumatatu, kwenye haisi ya Bunda kwenda Musoma. Nyuma yangu watu wawili wenye miaka thelathini na ushei wanaulizana shule walizosoma. Kabla ya Kiabakari wamegundua kwamba enzi hizo walichati usiku mwingi kwenye 2go, na hawajawahi kuonana hata siku moja. Majina ya kweli hawakuwahi kuambiana. Lililowafumbua macho ni jina la kuchatia la mmoja wao, “Dogo Mnoma”. Konda alishangilia kuliko wao.

Wanafunzi wa leo hawaijui 2go. Ilianzishwa mwaka 2007 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ikatamba Nigeria na Kenya, huku kwetu nako ikapata watu wake. Iliingia kwenye simu za vitufe, na kwa kuwa karibu yote ni maandishi matupu, vocha ya jero ilifika mbali. Unaanza ukiwa Novice. Kadiri unavyokaa hewani unapanda hadi Master, kisha Ultimate. Wapo waliokesha bila la kusema, wakitafuta cheo tu.

Bwenini simu ni marufuku, kwa hiyo ililala ndani ya mkate uliotobolewa au chini ya unga wa uji. Simu moja, akaunti nane, zamu kwa zamu. Na hakuna aliyesoma meseji za mwenzake. Ndivyo wanavyodai.

Wanaoililia 2go husema zamani kulikuwa na upendo. Siamini. Mle kulijaa waongo wa umri, na majibaba yaliyojiita wanafunzi wa kidato cha nne. Wanachokikosa ni mahali pasipo na shangazi. Leo kijana akibadilisha picha ya WhatsApp, grupu zima la ukoo linauliza huyo pembeni ni nani.

Jumatano, Mtaa wa Mukendo, Musoma. Fundi simu ana boksi la Nokia zilizokufa, na bado anapokea wateja wanaotaka warudishiwe meseji za 2go. Anawaeleza kwamba hawezi kuzirudisha, hawamwelewi. Yahoo Messenger ilifungwa rasmi 17 Julai 2018, BBM 31 Mei 2019, watu wakaagana. Watu wa 2go walihama mmoja mmoja bila kuaga, na kwa majina yale, utamtafuta nani?

Alhamisi, Butiama. Mama muuza dagaa amenisikiliza, kisha akaniambia wao walikuwa na kadi za salamu. Unajaza majina ya unaowasalimu, unaituma, unasubiri isomwe Radio Free Africa, Mwanza. Tabu ni kwamba baba naye anasikiliza redio hiyo hiyo. Ndiyo maana aliyekuwa akimsalimu yeye alijiita “Mtoto wa Ziwani”. Baba akiuliza ni nani huyo, binti hamjui.

Nilipomuuliza mimi, akataka kujua kama nachukua dagaa wa kopo au wa sado.