Kisanduku cheupe na jante ya kartiye



Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alituletea kisanduku cheupe cha plastiki, cha mviringo, kinachoenea kiganjani. Binti yake anayeishi Ufaransa alikituma ndani ya mzigo wa nguo. Mama alifikiri ni redio. Tulipobonyeza kitufe cha katikati, kililia kwa nguvu hata watoto waliokuwa wakicheza uani wakakimbia. Tulicheka sana. Kisha tukaelezwa kwamba ni kengele ya moshi, na kwamba huko Ufaransa, tangu tarehe 8 Machi 2015, sheria inataka kila nyumba ya kukaa watu iwe nayo.

Kwa nini sheria ijisumbue na kitu kidogo hivyo? Kwa sababu ya usingizi. Wengi wetu tulidhani mtu aliyelala ataamshwa na harufu ya moshi. Sivyo. Mtu akilala, pua yake nayo imelala, na moshi wenye sumu unamzidishia usingizi. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba wanauawa na moshi, hata kabla moto haujawafikia. Lakini sikio linaamka. Ndani ya kisanduku mna taa ndogo na kijicho. Hewa ikiwa safi, mwanga wa taa haufiki kwenye kijicho. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, kijicho kinauona, na kengele inalia.

Mwenye kutumiwa kisanduku kama hicho asikifungie sandukuni pamoja na vitenge. Kipigiliwe juu kwenye plafoni, katika chumba cha kulala au karibu na mlango wake, mbali na jiko. Kibonyezwe mara moja kila mwezi ili kujua kama bado kinalia. Kifutwe vumbi na utando wa buibui. Kikianza kulia kifupi, mara moja moja, kinasema batri inakwisha: weka nyingine, wala usiitoe ile nzima ili kuitia katika tochi. Kikifikisha miaka 10 tangu kilipotengenezwa, kimezeeka. Tarehe imeandikwa nyuma yake.

Sasa tuseme ukweli. Kisanduku hiki na majiko yetu hawapatani. Tunapika kwa kuni, mara nyingi chini ya paa lile lile tunalolala. Kitalia asubuhi, kitalia jioni, na siku ya tatu mtu atakitoa batri. Wenzetu wa Afrika Kusini waliliona jambo hilo. Tarehe 1 Januari 2013 moto uliteketeza vibanda huko Khayelitsha, pembeni mwa mji wa Cape Town, na maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Baadaye vijana waliotoka katika chuo kikuu cha mji huo wakatengeneza chombo kingine, wakakiita Lumkani, maana yake katika Kixhosa ni "muwe waangalifu". Chenyewe hakijali moshi. Kinapima joto, na joto likipanda ghafula, kinalia. Tena kikilia katika nyumba moja, vile vya majirani vilivyo karibu vinalia pia.

Hapo ndipo tulipopata fundisho letu. Hapa Niania chombo hicho hatuna, na gari la kuzima moto hatuna. Lakini majirani tunao. Paa la majani ya mangongo likishika moto wakati wa kiangazi, cheche zinarukia nyumba ya pili kabla hujavaa kitenge. Moto wa mmoja ni moto wa avenyu nzima.

Na hapa kuna jambo linalotuumiza. Usiku, mtu akipiga kelele, sisi tunafanya nini? Tunazima taa, tunawafunika watoto, tunanyamaza kimya. Miaka ya vita na wezi ilitufundisha hivyo. Kiangazi kilichopita jirani yetu alipiga kelele usiku wa manane. Tulidhani amevamiwa, tukabaki ndani. Tulipoona mwanga mwekundu kupitia nyufa za ukuta ndipo tukatoka na ndoo. Watoto wake walikuwa wametokea nyuma, mmoja ameungua mkono. Nyumba ilikwisha, pamoja na pesa za shule alizokuwa ameweka chini ya godoro. Asubuhi alituuliza, "Hamkunisikia?" Tulimsikia.

Ndiyo maana kikundi chetu kilimwendea shefu wa kartiye. Tukapata jante ya gari kuukuu, kama zile za kengele za shule, tukaitundika kwenye mwembe, na chuma cha kuipigia kimefungwa hapo hapo kwa kamba. Tulipatana hivi: kengele ya ibada au ya mkutano inapigwa polepole. Ya moto inapigwa haraka haraka bila kupumzika, na mwenye kupiga anaita "Moto! Moto!" wala si kelele tupu. Polisi nao waliarifiwa, wasije wakafikiri ni jambo lingine. Siku ya kwanza ya kujaribu, wengine walitoka wakisimama mlangoni kutazama tu. Siku ya pili ndoo zilifika kabla hatujachoka kupiga. Tangu hapo tunaijaribu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kama vile kisanduku cheupe kinavyotaka kubonyezwa kila mwezi.

Lakini ni heri jante isipigwe kamwe usiku. Basi kila mama, kabla ya kulala, azunguke nyumba yake.

Mshumaa au koroboi: usiuache ukiwaka karibu na chandarua, wala juu ya godoro, wala juu ya meza ambayo paka hupita. Uzime kabla usingizi haujakuja.

Esanse: wanaouza kwa chupa barabarani wasilaze bidoni ndani ya nyumba. Mvuke wake unatambaa chini na kutafuta moto hata ukiwa mbali. Tukumbuke Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka, likawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Lori likianguka katika barabara yetu, chukua watoto wako ukimbie mbali.

Mbabula: makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata kisanduku cha moshi hakiitambui. Mvua ikileta baridi, ongeza blanketi. Mbabula ibaki nje.

Mlango: tunafunga kwa sababu ya wezi, na tuna haki. Lakini ufunguo ukae mahali pamoja, karibu na mlango, mtoto wa miaka sita aufikie hata gizani. Usiwafungie watoto kwa kufuli toka nje unapoenda sokoni au kwenye matanga. Waache kwa jirani.

Wafundisheni watoto pia: moshi ukijaa, tambaa chini, kwa sababu hewa nzuri iko chini. Usijifiche chini ya kitanda. Ukitoka, usirudi kuchukua kitu. Mafuta yakiwaka katika sufuria, yafunikwe kwa kifuniko, yasimwagiwe maji. Moto wa esanse unazimwa kwa mchanga. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mawese, kisha apelekwe hospitali.

Mnatuuliza kisanduku cheupe kiko wapi? Mama yule amekipigilia katika chumba wanamolala wajukuu wake, kwenye nyumba ya mabati iliyo mbali na jiko. Jumamosi ya kwanza anakibonyeza, kisha anakuja kwenye mwembe kusikiliza jante pamoja nasi.

Vikundi ambavyo bado havina jante, liwekeni jambo hili katika mkutano wa juma hili. Sisi tutakutana Jumamosi. Kila mmoja aje na ndoo yake.