Basi la Goyt: Barabara Ilibaki Imefungwa, Basi Likaondoka

Kiangazi cha mwaka 1970, wenye magari waliofika bonde la Goyt, magharibi ya mji wa Buxton katika kaunti ya Derbyshire nchini Uingereza, walikuta barabara ya bondeni imefungwa. Mwisho wa wiki walitakiwa kuacha gari kwenye maegesho yaliyotengwa pembezoni, kisha waingie bondeni kwa miguu au wapande basi dogo la bure. Jaribio hilo lilichukua misimu miwili, 1970 na 1971. Utaratibu wa kufunga barabara umedumu: hata leo kipande cha kutoka bwawa la Errwood hadi Derbyshire Bridge hufungwa kwa magari Jumapili za kiangazi. Kilichoondoka ni basi. Wengi husimulia habari hii kama ushindi uliokuwa na hasara ndogo. Mimi naona hasara ile haikuwa ndogo, na kwamba ilitokana na namna basi lenyewe lilivyobuniwa tangu mwanzo.

Mto Goyt unaanzia kwenye nyika za juu za Axe Edge, unateremka kuelekea kaskazini hadi Stockport, na huko unaungana na Tame kuwa mto Mersey. Stockport ilihitaji maji, na bonde hili ndilo lililoyatoa. Bwawa la Fernilee lilikamilika mwaka 1938. La Errwood, lililo juu yake, likafuata miaka ya 1960. Jumba la kifahari la Errwood lilikuwa limeshabomolewa miaka ya 1930. Kitongoji cha Goyt's Bridge kilifunikwa na maji, na daraja lake la mawe, walilokuwa wakipita farasi wa mizigo, likafumuliwa na kujengwa upya mbele zaidi kuelekea chanzo cha mto. Maji yalipojaa, watu nao wakaja kuyatazama. Manchester na Stockport ziko karibu, na zama zenyewe zilikuwa za gari: familia iliyonunua gari lake la kwanza ilitaka Jumapili ya kulitembeza.

Barabara ya bondeni ni nyembamba, kwa sehemu kubwa ni ya gari moja. Magari mawili yakikutana, mmoja lazima arudi nyuma taratibu mpaka apate mahali pa kupisha. Lakini kama nyuma yake ameshafika wa tatu na wa nne, hana pa kurudi. Akitokea wa kuegesha pembeni, magurudumu mawili kwenye majani, ile nafasi ya kupishania nayo imekwisha. Hapo haihitajiki ajali wala gari bovu ili bonde zima lisimame. Magari machache tu yanatosha. Na dawa iliyozoeleka, yaani kupanua barabara, ingemaanisha kuchimba ubavu wa kilima na kukata miti, ambayo ndiyo iliyowaleta watu kule.

Msomaji wa Afrika Mashariki asifikirie hifadhi ya taifa kama tunavyoijua sisi. Hifadhi ya Peak, lilimo bonde la Goyt, ilitangazwa mwaka 1951, mwaka ule ule ilipotangazwa Serengeti. Lakini Serengeti Wamaasai walitakiwa wahame na kupelekwa Ngorongoro kufikia mwaka 1959, ilhali huku Peak watu waliachwa na mashamba yao, kondoo wao, shule zao na makanisa yao. Hakuna geti la kulipia kiingilio. Kwa hiyo bodi ya hifadhi haiwezi kuhesabu magari mlangoni na kusema leo basi, imetosha. Ikitaka kuzuia magari, inabidi ishirikiane na wenye mamlaka ya barabara, na kila inapoziba njia inaziba pia njia ya mtu anayeishi humo.

Ndiyo maana uamuzi wa 1970 ulihitaji ujasiri. Bodi ya Peak ilisaidiwa na Countryside Commission, chombo cha serikali kilichoundwa kwa sheria ya 1968 na kilichokuwa na hamu ya kujaribu mambo mapya. Mpango wa kuacha gari na kupanda basi haukuwa jambo la kawaida hata mijini: Oxford ilifungua kituo chake cha kudumu cha Redbridge mwaka 1973, miaka mitatu baadaye. Kumwambia mwenye gari jipya ateremke na kuliacha pembezoni, tena shambani ambako hajazoea kuona askari wa barabarani, lilikuwa jambo ambalo wengi wangetarajia lizue ugomvi. Badala yake bonde likatulia. Watoto waliweza kukimbia kwenye lami.

Sasa tuje kwenye basi lenyewe. Hoja za kuliondoa zina uzito, na si haki kuzipuuza. Bonde ni fupi. Kutoka Errwood hadi Derbyshire Bridge ni mwendo wa takriban kilomita nne, na mtu aliyekuja kutembea hana sababu ya kupanda chochote. Kisha kuna hesabu ya viti. Tuchukulie basi dogo lina viti 12 na linazunguka kwa nusu saa: kwa saa moja litachukua watu 24 kwenda upande mmoja. Tuchukulie pia maegesho yana magari 100, kila moja na watu watatu. Hao ni watu 300, na basi hilo litahitaji zaidi ya saa kumi na mbili kuwashusha wote. Bila shaka wengi watachoka kusubiri na kujiendea zao kwa miguu. Mtunza hesabu akija kuangalia, ataona basi linalolipiwa mafuta na dereva mwisho wa wiki, halina nauli, halina kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na halina kazi kabisa masika, vuli na majira ya baridi. Kwa jicho hilo, basi lilikuwa pambo la kufungia barabara. Barabara ikishafungwa na watu wakazoea, pambo linaweza kuondolewa.

Jicho hilo linaona nusu ya mambo. Mwaka 1971 karibu nusu ya kaya za Uingereza hazikuwa na gari. Basi la Goyt lilianzia kwenye maegesho, kwa hiyo ili ulipande ilikubidi kwanza uwe na gari au uletwe na mwenye gari. Mjane wa Stockport, kijana wa kiwandani Manchester, mama mwenye watoto wanne asiye na usafiri, hao wote hawakuwamo kwenye hesabu ya watu watakaobebwa. Na hili linauma zaidi kwa sababu reli ya Manchester hadi Buxton ilinusurika katika wimbi la kufungwa kwa njia za reli lililofuata ripoti ya Beeching ya mwaka 1963. Treni hiyo inasimama Whaley Bridge, mji ulio kwenye mto huo huo wa Goyt, chini kidogo ya mabwawa. Abiria walikuwapo. Basi la maegeshoni halikubuniwa kwa ajili yao, na bajeti ilipoangaliwa tena halikuwa na mtu wa kulililia. Mwenye gari hakulihitaji sana, na aliyelihitaji hakuwahi kupelekewa.

Linganisha na Wales. Kuzunguka mlima Snowdon, ambao wenyeji huuita Yr Wyddfa, mabasi ya Sherpa yalianzishwa katika miaka hiyo hiyo ya 1970 na bado yanatembea. Tatizo lilikuwa lile lile: maegesho ya Pen-y-Pass, zinakoanzia njia maarufu za kupandia, ni madogo na hujaa asubuhi na mapema. Lakini basi lile linapita vijijini na mijini, Llanberis, Beddgelert, Betws-y-Coed, na anayelipanda anaweza kuwa mpanda mlima au mwanakijiji anayekwenda dukani. Linampa mpanda mlima kitu ambacho gari lake haliwezi kumpa: kupandia Pen-y-Pass na kuteremkia Llanberis, bila kulazimika kurudi alikoliacha gari. Hapo basi lina faida yake lenyewe, hata barabara isipofungwa.

Hifadhi ya Zion, jimbo la Utah nchini Marekani, ilifuata njia nyingine. Tangu mwaka 2000 magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya korongo kuu msimu wa wageni wengi, na mabasi yanachukua nafasi yao yakipokea watu hata kutoka mji wa jirani wa Springdale. Kule kuna geti na kiingilio, na miaka ya karibuni wageni wamepita milioni 4 kwa mwaka. Peak haina geti. Kwa hiyo mfano wa Zion haufai kwa Goyt. Wa Snowdon ndio unaofaa, na ulikuwa unawezekana: Sheria ya Usafiri ya 1968 ilikuwa imeshaziruhusu halmashauri za Uingereza kutoa ruzuku kwa mabasi ya vijijini.

Kwa maoni yangu, kufunga barabara ya Goyt kulikuwa sahihi na kunapaswa kuendelea. Kuliacha basi life kulikuwa kosa, maana bonde lilibaki la wenye miguu imara wenye magari ya kuwafikisha maegeshoni. Mzee asiyeweza kutembea kilomita nne na kurudi alipoteza njia mbili kwa mpigo: gari lilikatazwa, na basi halipo. Halmashauri yoyote inayokusudia kufunga barabara ya shambani kwa ajili ya wageni iandike katika azimio lile lile basi litaanzia kituo gani cha treni au soko gani, litapita vijiji vipi, na ni nani atakayelilipia mwaka wa tatu, fedha za majaribio zikiisha.