Wazo la kujiua, na nia ya kujiua

Juma hili tuseme jambo ambalo wengi wanalificha hata kwa mume. Mama anakata lengalenga, mara wazo linamrukia: «Nikijichoma na kisu hiki?» Anatetemeka, anakificha kisu, anamwita wifi aje kupika. Anauliza nyumba nzima mara kumi: «Mnaona ninaweza kujiua?» Ukimjibu hapana, anatulia dakika chache, kisha anauliza tena. Huyo mara nyingi hataki kufa hata kidogo. Ndiyo maana wazo linamtesa. Waganga wanauita ugonjwa huo TOC. Si pepo, wala si dhambi.

Mwenye nia ya kujiua mara nyingi hakimbii wazo. Kifo anakiona kama pumziko. Anaweza kupanga siku, kugawa vitenge vyake, kuaga watoto na hana safari. Huyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kwa muganga leo.

Lakini angalieni: mwenye TOC akichoka sana anaweza kuwa na yote mawili. Basi tusikate hukumu jikoni. Muulize waziwazi: «Dada, unatamani kufa, ao wazo linakuogopesha?» Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, ingawa wakubwa wetu wanaogopa hivyo.

TOC inatunzwa kwa mazungumzo na muganga aliyejifunza kazi hiyo, na wengine wanapewa dawa, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kusaidia. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Msindikizeni.