Kabla Ununue Geji Mpya, Uliza Fundi: "Umepima?"

Wasee, leo nitasema kitu na najua mafundi wengine watanikasirikia. Sawa tu. Sisi tuko tayari kutoa elfu sita kwa spea ambayo gari haihitaji, lakini fundi akisema anataka mia tano akae chini apime shida iko wapi, tunamwita mwizi. Halafu tunashangaa mbona gari haiponi.

Guka wangu ana Datsun 1200, ile pikapu ndogo. Kama umezaliwa juzi na hujui Datsun ilikuwa nini hapa Kenya, jua tu kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara 5, 1973 halafu 1979 hadi 1982 mfululizo, zote akiendesha gari za kampuni hiyo hiyo. Ya guka haijawahi kushindana na mtu. Imebeba kabichi, mbolea, na mathe siku ya harusi yake.

Mwaka jana geji ya mafuta ikaanza ujinga. Unajaza tangi mpaka juu, mshale unalala tu kwa E. Guka hakujali. Alinunua kidaftari, kila akijaza mafuta anaandika kilomita, anapiga hesabu yake. Ikafanya kazi miezi. Kisha siku moja anko akachukua gari jioni, akazunguka nayo, akairudisha bila kuandika kitu.

Kesho yake guka alikuwa na kliniki ya presha. Tukazimikiwa karibu na Kangemi, saa moja asubuhi, malori nyuma yanapiga honi kama wazimu. Mimi natafuta boda wa kuniletea petroli kwa mtungi, guka amekaa ndani na kofia yake, hasemi kitu. Kufika hospitali, daktari wake ameshaenda.

Jioni anko akasema gari iuzwe skrapu. "Hii kitu itatuulia mzee barabarani." Na sitamsema vibaya, alikuwa ameogopa. Sote tuliogopa.

Nikaomba wiki mbili niitengeneze. Fundi wa kwanza alisikiliza hadithi dakika moja, hata boneti hakufungua. "Hiyo ni geji imekufa." Nikaenda Grogan, nikapata iliyotumika, 6,500. Tukaweka. Mshale kwa E. Fundi wa pili akasema ni ile sensa ya ndani ya tangi. 4,000 zingine. Tukaweka. Mshale kwa E.

Guka akaniuliza swali moja tu: "Kwani hao wanajuaje?"

Nikakosa jibu. Hawakujua, buda. Walikuwa wanabahatisha, na doo ni yangu.

Hapo ndio nikaamua kuelewa hii kitu mwenyewe, na ukweli ni kwamba si ngumu. Ndani ya tangi kuna boya, kama lile la tangi la choo. Boya limeshikwa na mkono, na mkono unateleza juu ya waya unaozuia umeme. Mafuta yakiwa mengi, umeme unapita kirahisi. Yakiisha, unapita kwa shida. Huo umeme unatoka kwa geji, unashuka na waya mmoja hadi kwa tangi, halafu lazima upate njia ya kurudi kwa betri kupitia bodi ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaita athi. Ndani ya geji, umeme unapasha kipande cha chuma, kinajipinda, kinasukuma mshale. Ndiyo maana kwa hizi gari za zamani mshale hupanda polepole.

Kwa hivyo kuna washukiwa wachache tu, na kila mmoja anapimika.

Kwanza, angalia jirani. Kwa hii Datsun, geji ya mafuta na ile ya joto la injini hupata umeme kutoka kifaa kimoja cha kupunguza volti. Zote mbili zikidanganya pamoja, shuku kile zinachotumia pamoja. Yetu ya joto ilikuwa inasoma poa kabisa. Kifaa hicho nikakiacha.

Pili, chomoa waya unaoenda kwa sensa, washa swichi bila kupiga stata, gusisha huo waya kwa chuma safi cha bodi sekunde chache tu. Mshale ukianza kupanda kuelekea F, toa waya: geji ni nzima, na waya wa kutoka huko mbele ni mzima. Wetu ulipanda. Na kumbuka ile geji ya zamani pia nilikuwa nayo bado, nikairudisha, ikapanda vilevile. Elfu sita na mia tano, kwaheri.

(Fanya hii mbali na mafuta yaliyo wazi, tangi limefunikwa, hakuna sigara. Na gari zingine hufanya kinyume, kwa hivyo angalia kitabu cha gari yako kwanza.)

Tatu, niliazima mita ya umeme kwa jamaa wa kutengeneza simu hapo mtaani. Tukapima kati ya tangi na bodi. Hakuna njia. Umeme ulikuwa unafika kwa tangi na kukosa pa kurudia. Nikalala chini ya gari, na hiyo hapo: waya wa athi umefungwa kwa bolti iliyooza kwa kutu.

Msasa, 50 bob. Bolti, 20 bob. Nikawasha swichi. Mshale ukanyanyuka polepole kama mtu anaamka kutoka usingizini, ukasimama kwa nusu.

Sasa, hao mafundi wawili ni wezi? Hapana. Jiulize na uwe mkweli: fundi akilala chini ya gari yako saa nzima, akatoka akakuambia ni bolti ya 20 bob, ungemlipa ngapi? Ungesema "si ni bolti tu?" na kumpa soo. Lakini akibadilisha geji, unalipa bila kelele, kwa sababu umeona kitu kipya kwa dashibodi. Sisi ndio tumewafundisha kubahatisha. Tunalipia chuma, hatulipii akili.

Mimi nimebadilika. Siku hizi tunakubaliana bei ya kupima kabla mtu ashike spana. Na sinunui spea mpaka fundi anionyeshe ile ya zamani ikifeli mbele yangu. Ukimuuliza "umepima?" na akaanza kukuelezea miaka ambayo amekuwa kwa kazi, beba gari yako uende.

Gari bado iko. Kliniki iliyofuata tulifika mapema mpaka tukanywa chai tukingoja. Na guka, hata na geji inayofanya kazi, bado anaandika kilomita kwa kidaftari. Akimpa anko funguo, anampa na kalamu.